Rubani kwenye Basi la Kondoa

Jumatano

Barua iliyo kwenye begi langu ina aya mbili. Ya kwanza inaeleza kwamba ndege mbili za kampuni zimelala zikisubiri injini. Ya pili inasema marubani waliotajwa hapo chini wako kwenye likizo bila malipo hadi itakapotangazwa vinginevyo. Jina langu liko hapo chini.

Watu wakisikia habari hii hunipa pole kwa kuachishwa kazi, na kila mara inabidi nifafanue kuwa sijaachishwa. Ningepunguzwa ningekuwa na changu cha kudai: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyepunguzwa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza kazini, hadi miaka kumi, na kabla ya kufika huko mwajiri anatakiwa akae naye mezani. Mimi sijapunguzwa. Mkataba uko hai, mshahara ndio uliokufa.

Na leseni ya rubani haijui likizo. Ili ubebe abiria unatakiwa uwe umepaa na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kina miezi 12 yake, ukiwa unaruka au ukiwa umekaa kibarazani. Mtihani wa kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje, nao una tarehe yake. Wakati kampuni inasubiri injini, wewe unatoa mfukoni kulipia daktari na mkaguzi ili siku ukiitwa usikutwe umeoza. Cheti cha afya nimelipia. Zile siku 90 zimenipita.

Kwa hiyo kampuni ndogo ya safari za mikoani yenye kituo Dodoma ilipotangaza nafasi za kurusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, niliomba. Wakaniita usaili wa Ijumaa. Ndio maana alfajiri hii niko Arusha stendi, siti ya dirishani upande wa jua, nikielekea Dodoma kwa njia ya Babati na Kondoa.

Kwa ndege, kutoka Arusha hadi Dodoma ni maili za baharini 175 hivi, saa moja na dakika chache kwa Caravan. Kwa basi ni kutwa. Jirani yangu wa siti, mfanyabiashara wa vitunguu, alitaka kujua nafanya kazi gani. Sikuwa na hamu ya maelezo, nikasema mimi ni dereva.

"Gari gani?"

"Caravan."

"Ahaa, Nissan. Ya abiria?"

"Ya abiria."

"Ruti?"

"Arusha kwenda Serengeti."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ile barabara ya vumbi inaua spea." Nikamwambia injini ndiyo iliyotusumbua. Akanipa namba ya fundi wake Majengo, na nimeihifadhi, maana mtu aliyekupa namba ya fundi kwa moyo safi huwezi kumfutia mbele yake.

Babati tulisimama watu wakachimbe dawa. Kipande cha Babati hadi Dodoma, kilomita 251, kilizinduliwa mwaka 2018 kikiwa lami tupu, na wazee waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanasimuliana jinsi zamani masika yalivyokuwa yanalaza mabasi porini. Baada ya hapo barabara inapanda milima ya Warangi. Milima hii nimeiona mara nyingi kwa juu, ikiwa mikunjo ya kijani na kahawia, na hesabu yangu siku zote ilikuwa moja: niko futi ngapi juu yake na mawingu yanaanzia wapi. Kwa chini kuna kibao cha michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna watoto wa shule wenye madumu, na kuna kona moja ambayo dereva wetu aliichukua kwa namna ambayo mkaguzi yeyote wa anga angemshusha.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika Msalato. Kushoto kwangu, kulia kwangu, sikumbuki tena, maana nilisimama kabisa ili nione: uwanja mpya wa kimataifa, ule uliowekewa jiwe la msingi Oktoba 2022. Njia yake ya kurukia ni mita 3,600. Mtu wa Caravan hahitaji hata robo yake, lakini macho hayana mpaka.

Bunge la bajeti limeanza, gesti za Dodoma zimejaa waheshimiwa na wapambe wao, na zilizobaki zina bei za kukutisha. Nimefikia kwa shangazi, Nkuhungu. Ameniwekea ugali wa uwele na mlenda, akaniangalia nikinawa, kisha akauliza swali alilolitunza tangu nilipompigia simu:

"Sasa baba, wale wakikuita, utarudi?"

Nikasema tule kwanza.

Alhamisi

Asubuhi steshenari, kutoa nakala. Leseni, cheti cha afya, cheti cha lugha, kurasa za mwisho za kitabu cha saa za kuruka, ile barua. Kijana wa mashine aliitazama barua kuliko nilivyopenda. Kisha kinyozi.

Mchana nikaenda kusimama karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Dodoma uwanja uko katikati ya mji, nyumba zimeuzunguka, kwa hiyo kumkuta mtu amesimama anatazama ndege si ajabu. Nilikuwa na wenzangu wawili, mmoja muuza karanga na mwingine mtoto aliyetoroka shule. Bombadia ikaja, ikatua kuelekea mashariki. Niliisikiliza jinsi inavyorudisha nyuma nguvu za pangaboi, nikatazama mfuko wa upepo, nikakisia joto. Muuza karanga akasema hii imechelewa leo. Anajua ratiba kuliko ofisi.

Jioni akanipigia mwenzangu tuliyesimamishwa naye barua moja. Yeye anaendesha teksi ya mtandao jijini Dar. Ametoa ushauri ambao nimeusikia kwa wengi: "Ukiulizwa kama utarudi kwetu, kataa katakata. Waambie huko umefunga ukurasa. Waajiri wanataka uaminifu." Nikamuuliza, wewe ukiitwa kesho? Akacheka hadi simu ikakata.

Mimi ushauri huu siupendi, si kwa sababu ya uchaji. Anayekuuliza swali hilo ni mtu wa anga, na watu wa anga karibu wote wamewahi kukaa nyumbani wakisubiri simu. Ukimwambia hutarudi, anajua unamdanganya, na kazi yenyewe unayoomba ni ya kusema ukweli kwenye redio.

Ijumaa

Ofisi yao ni nyumba ya kupanga Area D, geti jeusi, mwarobaini uani. Tulikuwa watano kwenye benchi. Kijana mmoja ametoka chuo cha urubani Afrika Kusini, ana saa mia mbili na kidogo, shati limenyooka hadi linakuumiza macho. Dada mmoja amekuwa rubani msaidizi kwenye ndege kubwa kuliko hizi na naye amesimamishwa; hatukuulizana na kampuni gani, tuliulizana tu "tangu lini?" Wagonjwa foleni ya daktari hawaulizani majina.

Kwanza karatasi, bila simu wala kikokotoo. Swali la kwanza lilikuwa la nyumbani hapa hapa. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,670 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni saa saba mchana, nyuzi 30. Ndege itajihisi iko futi ngapi?

Hesabu yake ni hii. Hewa ya kawaida ya vitabuni usawa wa bahari ina nyuzi 15, nayo hupoa nyuzi mbili kwa kila futi elfu moja. Kwa urefu wa Dodoma ilitakiwa iwe nyuzi 8 hivi. Iko 30, imezidi kwa nyuzi 22. Kila nyuzi iliyozidi inaongeza futi 120. Ishirini na mbili mara mia na ishirini ni 2,640. Jumlisha na zile za uwanja unapata kama futi 6,300. Maana yake umesimama kwenye lami ya Dodoma, lakini bawa, pangaboi na injini vinafanya kazi ndani ya hewa nyembamba ya futi elfu sita na mia tatu. Ndege inakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikishanyanyuka inapanda kwa uvivu. Kijana wa shati lililonyooka alimaliza kabla yangu. Hesabu wanazijua, hawa.

Swali la pili: umetoka Iringa, unarudi Dodoma kwa futi 9,500, uanzie wapi kushuka? Iringa iko karibu kusini kabisa mwa Dodoma, maili 90 hivi. Mzunguko wa kutua ni futi elfu moja juu ya uwanja, kama 4,700. Zinabaki 4,800 za kupoteza, na kila elfu moja inataka maili tatu. Nikaandika maili 16, za ziada ni kwa ajili ya abiria wenye masikio yanayouma.

Kisha mmoja mmoja, ndani. Jopo la watu watatu: kapteni mkuu wa marubani, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, fundi mkuu, ambaye aliongea mara mbili tu, na mama wa rasilimali watu. Nikaamkia, wakaitikia, nikakaa.

Kapteni hakuanza na mimi. Alianza na mheshimiwa.

"Uko hapa uwanjani, saa saba. Umefika uzito wa mwisho, paundi 8,750. Anakuja mheshimiwa na begi la ziada na boksi mbili za zabibu. Anasema zinakwenda."

"Nazipima, kapteni."

"Zimepita."

"Kitu kitabaki. Begi, boksi, au mtu atakayekubali safari inayofuata."

"Punguza mafuta."

"Mafuta niliyoweka ni ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba na ya kusubiri. Nikiyapunguza nitakuwa nabeba zabibu kwa mafuta ya akiba."

"Bosi anapiga simu. Anasema beba."

"Namwambia tunaweza kungoja jua lishuke, ndege ipande vizuri zaidi, lakini uzito wa mwisho haushuki na jua. Karatasi ya mizigo inasainiwa na mimi."

Akaandika. Fundi mkuu akauliza ningefanya nini kama wakati wa kuwasha injini joto linapanda kupita kawaida. Nikasema nakata mafuta, naacha starta izungushe hewa ipoze, siwashi tena, na naandika kwenye daftari la ndege. Akauliza, "Hata kama limeshuka lenyewe na abiria wamekaa?" Nikasema hata hivyo. Injini ndiyo iliyonileta mbele yako, mzee. Hilo la mwisho sikulisema kwa sauti.

Mama wa rasilimali watu akataka kujua nimekuwa nikifanya nini tangu nisimamishwe. Nikamwambia: nafundisha hesabu na hali ya hewa wanafunzi wa urubani kwa zamu za jioni, na nyumbani nafuga kuku wa mayai. Akanyanyua uso kwa mara ya kwanza.

"Trei mnauza bei gani Arusha?"

Tukaongea chakula cha kuku dakika kadhaa. Kapteni akakohoa.

Ndipo likaja, nalo lilitoka kwa yule mama kwa sauti ile ile ya mayai. "Kampuni yako ikikuita, utarudi?"

Nilijibu vipande viwili. Nikisaini hapa, siku hiyo hiyo naandika barua ya kuacha kazi kule, na wakiniita nitawaambia wamechelewa. Nisiposaini, bado ni mwajiriwa wao, nina watoto wawili shuleni, na wakipiga kesho asubuhi kabla yenu nitakwenda.

"Kwa hiyo sisi tukichelewa tunakukosa," akasema kapteni.

"Ndiyo, kapteni."

Akavua miwani. Akasema mwaka 2020, Aprili, serikali iliposimamisha ndege za abiria za kimataifa, yeye alikaa nyumbani na barua kama hii yangu. Anga ilifunguliwa Mei 18, lakini watalii hawakurudi kwa tangazo. Aliitwa na kampuni nyingine, akaapa hatarudi alikotoka, kisha akarudi. "Wale jamaa hawanisalimii mpaka leo," akasema, akavaa miwani yake.

Sijui kama ilikuwa simulizi au mtego. Mama akaendelea: wao hulipia mafunzo ya ndege zao na njia zao, na rubani anafungwa bondi ya miaka miwili. Akiondoka kabla, analipa kilichobaki. Nikasema sawa, nitausoma mkataba. Akaandika na hilo.

Tuliporuhusiwa, wawili waliambiwa wasiende mbali. Mimi na yule dada. Majaribio ya kuruka ni kesho alfajiri.

Jumamosi

Alfajiri ya Dodoma ina ubaridi wa kuvaa sweta hata kama mchana utakaangwa. Dada aliruka kwanza, akarudi, akanipita akisema neno moja: "Ng'ombe." Sikumwelewa.

Nilizunguka ndege polepole. Nikamwaga mafuta kidogo kwenye kichupa kuangalia maji, nikapitisha kiganja kwenye ukingo wa pangaboi kutafuta mikwaruzo ya changarawe, nikafungua kifuniko cha mafuta ya kulainisha nikakifunga mwenyewe, nikakivuta tena kuhakikisha. Mikono ilikuwa inakumbuka mambo ambayo kichwa kilikuwa bado kinayatafuta. Nikakaa kushoto, kapteni kulia na kijitabu chake. Swichi ya kuwashia. Unasubiri mzunguko ufike asilimia 12 na utulie, ndipo unafungua mafuta, na kutoka hapo jicho haliondoki kwenye kipimo cha joto, mkono uko pale pale tayari kukata. Mshale ukapanda, ukasita, ukarudi ulipotakiwa. Injini ya PT6 ikishakubali huwa na mlio mmoja mrefu wa chini, na niliusikia kwenye mifupa ya kiti.

Mnara ukaturuhusu. Tulipaa kuelekea mashariki, jua usoni, visor zote mbili chini. Kwa ubaridi ule ndege ilipanda kwa raha. Saa saba ingekuwa hadithi nyingine. Nikageuza kaskazini. Njia mpya ya Msalato ikapita chini yetu, ndefu, imenyooka, na kando yake vumbi la mnada wa Jumamosi lilishaanza kunyanyuka. Mbali mashariki bwawa la Hombolo liling'aa.

Kapteni akanipa migeuko mikali, akanipa mwendo wa polepole, kisha bila kusema kitu akavuta nguvu ya injini hadi mwisho.

"Injini imezima."

Pua chini, mwendo wa kuelea bila injini, upepo unatoka wapi, nitue wapi. Chini kulikuwa na mashamba ya uwele, yamerefuka, na upande wa kulia uwanda wa malisho, wazi, mgumu. Nikaonyesha uwanda, nikataja hatua za kujaribu kuwasha tena na ujumbe ambao ningetuma mnara.

"Na ng'ombe wale?"

Walikuwepo, kundi zima, kama madoa.

"Watasikia watakimbia."

"Injini imezima, kijana. Watasikia nini?"

Nikasogeza lengo kushoto, kwenye kipande kisicho na ng'ombe wala uwele, kifupi kidogo lakini upepo ulikuwa usoni. Akaniacha nishuke hadi urefu aliouridhia, akarudisha nguvu, akasema twende nyumbani. Nilitua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ya pili ilikuwa nzuri, na ya tatu nilikuwa nimeshaacha kuhesabu maksi nikawa naruka tu. Hizo tatu zimeingia kwenye kitabu changu, tarehe ya leo, na kwa kanuni ile ya siku 90 nimefufuka. Hata wasiponichukua, hilo wamenipa bure.

Kuhusu matokeo, alisema "tutakupigia", neno la waajiri wote.

Mchana binamu akanipeleka Msalato mnadani. Sitaki kueleza sana, nyama ya mbuzi haielezwi. Unachagua mguu au mbavu, unakaa kwenye benchi chini ya turubai, moshi unakuingia kwenye shati ulilovaa kwa ajili ya usaili. Pembeni wanauza ng'ombe hai, ndoo, mitumba, dawa za kienyeji zinazotibu kila kitu. Nilikuwa na mfupa mkononi simu ilipoita. Yule mama wa rasilimali watu.

Wanataka kuendelea na mimi. Lakini kwenye nakala zangu ameona kwamba mafunzo yangu ya Caravan yalilipiwa na kampuni ya zamani, kwa bondi, na bado kuna miezi. "Sasa hii miezi ya likizo bila malipo," akauliza, "inahesabika kwenye bondi au imesimama?"

Nikahama kutoka kwenye moshi. Mkataba wangu naujua karibu kwa moyo, na hapo haujasema kitu. Kama inahesabika, ninadaiwa kidogo na naweza kuuza kuku. Kama imesimama, nimekaa nyumbani bila senti na deni likanisubiri lilivyo. Mama akasema hawataki ugomvi na kampuni nyingine. Nilete barua ya kampuni yangu inayotaja kiasi, ndani ya wiki ijayo, na nafasi ataishikilia hadi hapo.

Jioni kwa shangazi nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mfupi zaidi: "Shikamoo bosi. Naomba barua ya kuonyesha bondi yangu imebaki kiasi gani, kwa kuzingatia miezi hii ya likizo bila malipo."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.

"Marahaba. Umepata wapi?"

"Dodoma."

"Njoo Jumatatu saa nne. Uje na mkataba."

Shangazi akauliza wamesemaje. Nikamwambia Jumatatu. Akasema basi nibebe na zabibu za huyo bosi, akaenda kutafuta boksi.